Blogu imelala? Usiandike kipya kwanza, rudi kwenye "itaendelea"

Wadau habari za saa hizi. Hii ni kwa wenzangu mnaoandika, simulizi, mashairi, makala za maisha, chochote kile, ambao blogu yenu kuna kipindi ilikuwa inachemka af ikapoa mpaka imekuwa kama kibanda cha chipsi kilichofungwa, ukifungua takwimu unakuta leo kaingia mtu mmoja na huyo mmoja ni wewe mwenyewe ulienda kuchungulia kama kuna mtu.

Ya kwangu ilipoa hivohivo. Na nikafanya kile ambacho karibu wote tunafanya, nikajisema mimi ni mvivu, nikaamua kuandika posti kila siku miezi 3 mfululizo, nyingine saa 7 usiku macho mekundu. Miezi 3 ikaisha nina rundo la posti mpya zisizosomwa juu ya rundo la posti za zamani zisizosomwa. Nguvu za bure.

Kilichoniamsha ni meseji ya WhatsApp kutoka kwa dada mmoja nisiyemjua. "Kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu. Ile Mpangaji wa Chumba cha Uani sehemu ya 15 iko wapi? Nimeitafuta mpaka bando limekata. 14 imeishia pale mlango unagongwa." Nikashangaa, maana ile simulizi niliimaliza 2017, ina sehemu 22 na zote zipo palepale kwenye blogu. Nikafungua sehemu ya 14 kwa simu kama msomaji, nikaskroli mpaka chini, nikakutana na maneno yangu mwenyewe kwa herufi kubwa: ITAENDELEA KESHO SAA 2 USIKU, USIKOSE!!!

Basi, hapo ndio mwisho. Hamna linki ya 15, hamna orodha, hamna chochote, chini yake kuna nafasi nyeupe na tangazo. Kesho yenyewe ni kesho ya 2017. Yani mtu anatoka Google miaka yote hiyo baadae, anafika mpaka mlangoni kwangu, mlango unagongwa ndani ya hadithi, af mimi namwambia arudi kesho. Nikapitia zote 22, kumi na tisa zilikuwa hivo.

Kwahiyo ninachowaambia hapa ni kimoja tu, blogu iliyolala mara nyingi haina shida ya uhaba wa posti, ina posti zilizofunga njia. Wasomaji bado wanakuja kidogokidogo, sisi ndio tunawarudisha. Anza na za zamani, mpya zitasubiri.

Kabla hujagusa kitu, jua imelala lini na imelalaje. Kama hujawahi kuunganisha blogu yako na Google Search Console nenda kaunganishe leo, ni bure, na kama uko Blogger unaingia kwa akaunti ileile ya Gmail. Pale utaona watu waliandika maneno gani kwenye Google mpaka ukurasa wako ukatokea, ulitokea mara ngapi, ukabonyezwa mara ngapi na huwa unakaa nafasi ya ngapi. Inatunza miezi 16 tu ya nyuma, kwahiyo jiwekee utaratibu wa kupakua hizo data na kuzihifadhi, la sivyo mwakani utakuwa unabahatisha mchoro wa wageni wako ulikuwa na umbo gani.

Na umbo la mchoro linasema mengi. Ukiona umeporomoka siku moja kama mtu kadondoka dirishani, tafuta kitu kilichotokea siku hiyo, ulibadili templeti, ulibadili anwani, domeni (lile jina la blogu unalolipia) iliisha, kuna kitufe ulibonyeza kikazuia Google isisome blogu. Ukiona ni mteremko wa taratibu wa mwaka mzima, hapo ni posti kuchakaa au njia ya wasomaji kuziba. Sisi wa zamani tuna miaka yetu ya kukumbuka. Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba ukutani kwa mtu wataanza kupa nafasi zaidi posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa, na kama wasomaji wako wote ulikuwa unawatoa kwenye peji yako ya Facebook basi ulianza kukauka hapo bila kujua. Mwaka huohuo kwa Tanzania zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, blogu zikatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, na ilipofika Juni watu wengi wakafunga au wakanyamaza. Hizo kanuni zimeshafanyiwa marekebisho mara kadhaa, kwahiyo kabla hujafufua yako pita kwenye tovuti ya TCRA uone blogu ya aina yako inaangukia wapi sasa hivi, usitegemee mambo uliyoyasikia enzi zile.

Af kuna hii ambayo wengi haijawaingia akilini mpaka leo. Wale wa Blogger mnakumbuka kile kisanduku cha pembeni cha kujiandikisha kwa imeili? Kilikuwa kinaendeshwa na FeedBurner, huduma ya Google, na FeedBurner iliacha kutuma imeili Julai 2021. Kama hukuwahi kupakua ile orodha ya watu, basi kuna wasomaji waliokuwa wanaletewa posti zako nyumbani kabisa na siku moja zikaacha kufika, na wao wakajua umeacha kuandika. Nimeona blogu ambazo kisanduku bado kipo pembeni kama soketi isiyo na umeme. Kitoe.

Haya, tuingie kazini. Chukua daftari, ndio daftari la karatasi, fungua Search Console, panga kurasa zako kwa zilizoonekana mara nyingi, andika kumi za juu. Kumi tu, usijitie ushujaa wa kurekebisha posti 400, utachoka kwenye ya 15 na utaacha. Kila moja ifungue kwa simu, tena simu ya kawaida na sio laptopu, soma kutoka juu mpaka chini kama vile hujui aliyeandika ni nani, na jiulize pale chini kabisa: huyu mtu sasa anaenda wapi?

Kwa simulizi zenye sehemu nyingi dawa yake ni rahisi ila inachosha mikono. Mwisho wa kila sehemu weka linki ya sehemu inayofata, mwanzo weka linki ya iliyopita, na tengeneza ukurasa mmoja wa mlango wenye orodha ya sehemu zote kuanzia 1 mpaka ya mwisho, na huo mlango kila sehemu iuelekeze. Ile linki ya kwenda mbele usiandike "bonyeza hapa". Yangu ya 14 sasa hivi inasema "Soma sehemu ya 15: aliyekuwa anagonga mlango". Mtu aliyeachwa njia panda na mlango unagongwa, unadhani hatabonyeza? Kazi ya sehemu 22 ilinichukua Jumamosi mbili, na ile wiki iliyofata nikaanza kuona kitu nilichokuwa nimekisahau, mtu mmoja anafungua kurasa 8, 9, mpaka 20 kwa mkupuo mmoja. Dada wa ile meseji nilimtumia ule ukurasa wa mlango, akajibu saa 8 usiku: "Umenikosesha kulala kaka." Hiyo kwangu inatosha kuliko likes zote.

Sasa vichwa vya habari, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo waandishi tunapojiua wenyewe. Sisi tunapenda vichwa vya kishairi. Nilikuwa na posti inaitwa "Dunia Hadaa". Humo ndani nilikuwa nasimulia nilivyolipa kodi ya miezi 6 kwa dalali wa chumba ambacho hakikuwa cha kwake, na mwishoni nikaweka mfano wa mkataba wa kupanga niliosaidiwa kuandika na jamaa yangu anayejua mambo ya sheria. Nafungua Search Console nakuta Google inaionyesha ile posti kwa watu wanaoandika "mfano wa mkataba wa kupanga chumba", inaionyesha kila siku, ukurasa wa pili huko chini, na hamna anayebonyeza. Sasa nani abonyeze? Mtu anatafuta mkataba, anaona Dunia Hadaa, anadhani ni mahubiri.

Nikabadili kichwa kikawa "Mfano wa mkataba wa kupanga chumba, na nilivyoliwa kodi ya miezi 6". Mwanzo wa posti ulikuwa hivi: "Assalam aleykum na Bwana Yesu asifiwe wapendwa wasomaji wa blogu yetu pendwa, natumai mu wazima wa afya, leo katika pitapita zangu nimewaza jambo..." Aya nzima salamu, af aya nyingine shairi. Kwenye Google yale ndio maneno yaliyokuwa yanatokea chini ya kichwa. Nikayatoa, nikaanza na "Chumba nililipia Jumatatu, Alhamisi nikakuta mtu mwingine kalala ndani. Mkataba ambao ungeniokoa huu hapa chini, unaweza kuukopi." Mkataba wenyewe nikaupandisha katikati badala ya kuuficha mwisho. Na chini, kwa aliyemaliza, nikaweka linki: "Kama umewahi kupanga chumba cha uani, kuna simulizi yako hapa." Unaona tunakoelekea? Mtu kaja kutafuta mkataba anaondoka akiwa sehemu ya 6 ya hadithi.

Usiogope kubadili kichwa. Kwenye Blogger na WordPress ukibadili kichwa cha posti iliyoshachapishwa, anwani yake inabaki ileile. Kitu cha kuogopa ni kubadili anwani yenyewe, hapo linki zote zilizosambaa kwenye magrupu zinakufa. Ikikulazimu, basi weka uelekezaji wa anwani ya zamani kwenda mpya, kwenye Blogger iko ndani ya mipangilio sehemu ya makosa na uelekezaji. Na posti mbili au tatu zinazosema kitu kimoja, mimi nilikuwa na tatu za "jinsi ya kuanza kuandika hadithi", ziunganishe kuwa moja nzuri, zile nyingine zielekeze kwenye hiyo. Zisipigane zenyewe kwa zenyewe.

Halafu jifunze watu wanavyoandika kwenye Google kwa Kiswahili, sio unavyoandika wewe. Watu wanaanza na "jinsi ya", "maana ya", "mfano wa", "sababu za". Mtu haandiki "usanifu wa wahusika", anaandika "jinsi ya kuandika hadithi nzuri". Kuna wanaoandika simlizi bila u. Huna haja ya kukosea makusudi ili uwafate, Google inaelewa, ila maneno ya kawaida yawepo kwenye kichwa na aya ya kwanza. Na kuna faida ambayo wenzetu wa Kiingereza hawana, mambo mengi kwa Kiswahili hayajaandikwa vizuri hata mara moja. Mwanafunzi wa Kenya anayetafuta maelezo ya fasihi ya vitabu teule, mama wa Mwanza anayetafuta mfano wa barua ya kuomba kazi kwa ajili ya mwanae, mara nyingi anakutana na kurasa zilizokopiwa kutoka kurasa zilizokopiwa. Andika moja kamili kwa mkono wako na utakaa pale muda mrefu. Ila usianze kubandika matokeo ya mitihani na nafasi za ajira ili upate namba, najua zinavuta watu sana, ila yule anaangalia jina la mdogo wake anaondoka, hajui hata blogu inaitwaje. Wewe ni mwandishi bwana, sio ubao wa matangazo.

Uzito wa ukurasa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na MB 3 au 4, ukiweka tano kwenye posti umemla msomaji MB 15 mpaka 20 na yeye kanunua bando la siku. Zipunguze upana af zikandamize, Squoosh ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari, picha ya KB 100 kwenye simu inaonekana vizuri tu. Toa ile saa ya ukutani inayozunguka, toa theluji inayodondoka (uko Dodoma ndugu yangu theluji ya nini), toa muziki unaojipiga wenyewe na vitangazo vinavyorukia mbele ya maandishi. Mimi nilikuwa na kalenda, saa, na bendera zinazohesabu wageni kutoka nchi mbalimbali. Nilizipenda zile bendera jamani. Nikazitoa.

Hapo sasa ndio tuongelee kuwarudisha watu, maana Google inakuletea wapita njia na mpita njia ni lazima umpe sababu ya kurudi. Kwetu sisi njia ni WhatsApp, tusidanganyane. Ila kuna namna tatu na watu wanazichanganya. Grupu linaleta vurugu, siku 2 tu kuna mtu anauza dawa za nguvu humo ndani. Chaneli, zile zilizofunguliwa dunia nzima Septemba 2023, ni nzuri kwa wingi, watu hawaoni namba za wenzao, ila na wewe huoni za kwao, kwahiyo ile chaneli ikipotea na wao wamepotea. Mimi moyo wangu uko kwenye orodha ya matangazo, ile unayotuma meseji moja na kila mtu anaipokea kama umemtumia yeye peke yake. Mwisho watu 256 kwa orodha moja, na inamfikia yule tu aliyekusevu namba yako. Watu wanaona hilo la kusevu ni usumbufu, mimi naona ndio chujio lenyewe, mtu aliyekubali kukusevu huyo ni msomaji.

Mwisho wa kila posti nina mistari hii: "Nikiandika mpya nikutumie? Sevu namba hii kwa jina la Mwandishi, af nitumie neno UANI." Hilo neno linabadilika kwa posti, UANI kwa simulizi, MKATABA kwa ile ya kodi, kwahiyo mtu akituma tu najua katokea mlango gani. Tumia laini nyingine tofauti na ya familia, nakusihi. Na unapotuma usitupe linki kavu. Tuma mistari 4 au 5 ya hadithi inayoishia pabaya, af linki. Mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, mimi ni Alhamisi saa 2 usiku baada ya watu kula. Nilijaribu mara tatu kwa wiki na watu wakaanza kuninyamazia.

Imeili usiidharau kama una wasomaji wa nje. Walio Muscat, London, Minnesota huko, kwa uzoefu wangu wanajibu imeili, tena ndefu, wanakuandikia mpaka habari za bibi yao Tanga. Wa hapa nyumbani wengi imeili waliifungua ili simu iwake tu.

Baada ya hayo yote ndio uandike kipya. Mimi nilirudi na posti moja kwa wiki, na kila posti mpya nailazimisha iwe na linki mbili kwenda kwenye za zamani, na naenda kwenye moja ya zamani naweka linki ya kuja kwenye mpya. Simulizi mpya siianzi kuchapisha mpaka niwe na sehemu 6 mkononi zimeandikwa, maana "itaendelea" ni ahadi, na mimi hiyo ahadi nilishawahi kuivunja miaka.

Wezi watakuja blogu ikiamka. Watakopi sehemu ya 1 mpaka 10, watafuta jina lako, wataweka kwenye peji yao. Kwenye Blogger kuna mpangilio wa kufanya mlisho wa blogu (feed, ile njia ambayo mashine zinasomea posti zako) utoe kipande tu badala ya posti nzima, uwashe, unapunguza wale wanaovuna kwa mashine. Kwa waliobaki Google ina fomu ya kuomba ukurasa ulioibiwa utolewe kwenye matokeo, jaza, weka linki yako ya kwanza na ya kwao. Usitumie wiki nzima kugombana nao kwenye koment, nilishafanya hivo na ile wiki sikuandika hata mstari.

Matokeo usiyaangalie kila asubuhi, utaumwa. Ukisharekebisha ukurasa uweke kwenye Search Console uombe usomwe upya, andika tarehe kwenye daftari, rudi baada ya wiki 6. Ile ya mkataba ilikaa kama haijaguswa karibu mwezi mzima mpaka nikaanza kutaka kurudisha Dunia Hadaa, af ikaanza kupanda yenyewe.

Na domeni. Mimi yangu iliwahi kuisha nikiwa msibani, ujumbe wa kukumbusha ulienda kwenye imeili ya zamani niliyosahau nywila, siku nakumbuka blogu ilikuwa inafungua ukurasa wa matangazo ya kampuni nisiyoijua. Kwahiyo sasa hivi ukimaliza kusoma hapa, kabla ya daftari na kabla ya kumi za juu, ingia pale uliponunulia domeni, angalia inaisha tarehe ngapi, badili imeili iwe ile unayoifungua kila siku, af weka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla.